Sanduku la Wajukuu: Mwongozo kwa Mkusanya Tochi Aliyechoka Kujuta

Chini ya kitanda changu, hapa Umoja, Nairobi, kuna sanduku la viatu ninaloliita sanduku la wajukuu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na humo ndani nimewalaza 11: tochi nilizonunua kwa jasho langu, zikanifurahisha wiki moja au mbili, kisha nikaona haya hata kuzitaja mbele ya mke wangu. Moja ni nzito kama mchi. Moja hutoa mwanga wa kijani unaofanya kila mtu aonekane mgonjwa. Moja sijawahi kuishika dakika tatu mfululizo bila kuihamisha mkono, kwa jinsi inavyochoma.

Mwenye shida ya tochi moja tu ya nyumbani asijisumbue na maneno haya. Aende dukani achukue ya bei ya kawaida, alale. Nasema na sisi wengine, tulioanza na tochi moja usiku ule wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, na leo tunaweza kutaja urefu wa betri kwa milimita bila kushika rula.

Hatua ya 1: Mwaga sanduku mezani

Toa zote, hata ile uliyoificha kwenye soksi. Chukua daftari la shule uchore safu tatu: niliinunua kwa ajili gani, niliitumia wapi mara ya mwisho, inanikera nini. Bei usiandike. Ukiiona bei utaanza kuitetea tochi mbaya.

Nilipofanya hivyo Jumapili moja mchana, safu ya kwanza ilinitoa jasho. Tochi tisa kati ya zile 11 nilizinunulia usiku nisiokuwa nao. Kuna ya kumulika kilomita nzima, na mimi naishi kwenye ploti ya ghorofa nne ambayo ukuta wa jirani uko hatua kumi kutoka dirishani. Kuna ya wapiga mbizi, na mimi kuogelea sijui. Kuna ile yenye mdomo wa meno ya chuma, ya kujihami eti. Mara ya kwanza kuibeba ilinitoboa mfuko wa suruali. Mara ya pili, mlinzi kwenye mlango wa duka kubwa mjini aliitoa ndani ya begi langu, akaigeuzageuza, akaniuliza, "Bosi, hii ni ya nini?" Foleni yote nyuma yangu ikanyamaza ingoje jibu. Hadi leo sina.

Hatua ya 2: Andika usiku wako kwa wiki mbili

Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba. Wenzetu wa nchi za kaskazini wana majira ya baridi yenye usiku mrefu wa kuwapa kisingizio. Sisi giza letu ni lile lile, kwa hiyo wiki mbili zinatosha kulijua. Kila unapohitaji mwanga, andika ulimulika nini, kilikuwa mbali kiasi gani, na mikono yako ilikuwa inafanya nini.

Orodha yangu ilikuwa hivi: ngazi za ploti ambazo balbu yake huungua kila mwezi, mita ya tokeni iliyofichwa nyuma ya mlango, tangi la maji juu ya paa, kiatu cha mtoto chini ya kitanda bila kumwamsha mwenyewe, na gurudumu lililopasuka kwenye barabara ya Eastern Bypass, mara moja. Hakuna hata kimoja kilichozidi mita kumi. Kwenye ngazi, lumeni 100 (lumeni ndicho kipimo cha mwanga) zilitosha na kubaki. Kwenye kitanda cha mtoto nilihitaji chini ya 5, kile kiwango ambacho wapenzi wa tochi hukiita mbalamwezi. Na kwenye tangi, mita na gurudumu, mikono yote miwili ilikuwa kazini, nikaishia kuuma tochi kwa meno kama mbwa aliyebeba mfupa.

Somo hilo nililipata kwa ukali zaidi Mlima Kenya. Safari ya kwenda Point Lenana, mita 4,985, huanza kabla ya alfajiri ili kilele ukifikie jua linapochomoza. Mimi nilikuwa na tochi ya mkononi ya lumeni 3,000. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine chuma baridi kilichokuwa kikininyonya joto kupitia glavu. Kiongozi wetu alivaa taa ya kichwani iliyokwaruzika, mkanda wake umeshonwa kwa uzi mweusi, mikono iko mfukoni. Alinigeukia mara moja tu: "Ndugu, punguza hiyo, unatupofusha." Basi kama daftari lako limejaa kazi za mikono miwili, ununuzi wako ujao ni taa ya kichwani, hata kama haipendezi kwenye picha.

Hatua ya 3: Zikague namba za kwenye boksi

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kandela ni ukali wa mwanga pale katikati unapolenga. Tochi mbili zenye lumeni 1,000 zinaweza kutofautiana kama ndoo na mpira wa maji: moja inamwagia chumba kizima, nyingine inapiga mti ng'ambo ya bonde na kukuacha hujui umekanyaga nini. Umbali ulioandikwa kwenye boksi hutokana na kandela. Tafuta kipeuo cha pili cha kandela, zidisha kwa 2. Kandela 10,000 ni mita 200. Ila ujue kwamba kwa kiwango cha ANSI FL1, utaratibu wa Marekani wa kupima tochi ambao watengenezaji makini huufuata, umbali huo ni pale mwanga unapofifia hadi luksi 0.25, yaani kama usiku wa mwezi mpevu. Kwa macho ya kutafuta kitu, hesabu nusu yake au chini.

Muda wa kuwaka nao una ujanja wake. FL1 huhesabu hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ndogo yenye turbo, yaani mwanga wa juu kabisa, huwaka kwa vishindo dakika moja au mbili, joto likapanda, ikajipunguza yenyewe, kisha ikajikokota kwa saa kadhaa. Kwenye boksi saa hizo zote zinaandikwa mbele ya ile namba kubwa. Usiwalaumu, hawakudanganya. Tafuta mchoro wa muda na mwanga, uangalie tochi inakaa wapi baada ya dakika kumi. Hiyo ndiyo tochi unayonunua.

Wadanganyifu halisi ni wengine, nao wanapatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Kwa makadirio ya haraka, LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Lumeni 1,000 ni wati 10. Betri moja nzuri ya litiamu ya ukubwa wa 18650 hubeba takriban wati-saa 12, kwa hiyo lumeni 1,000 utazipata kwa saa moja na ushee. Sasa kijana wa dukani akikuonyesha tochi ya betri moja iliyoandikwa lumeni 100,000, anakuambia ameshika wati 1,000 mkononi, sawa na pasi ya umeme. Mwambie akupigie nayo shati.

Jambo jingine: macho hayahesabu kama mashine. Ili mwanga uonekane maradufu unahitaji karibu mara nne ya lumeni. Kuhama kutoka tochi ya 1,000 kwenda ya 1,300 ni kulipia kitu ambacho macho yako hayatakiona. Nina tatu za namna hiyo, za mwaka mmoja, za mtengenezaji mmoja, zimepangwa kama ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 4: Anza na betri, tochi ifuate

Hapa ndipo wajukuu wengi wanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Majina ya betri za litiamu ni vipimo tu. 18650 ni kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. 21700 ni 21 kwa 70. Ikijaa husoma volti 4.2. Ikishashuka chini ya 2.5, usijaribu kuifufua. 18650 nzuri hufika mAh 3,500 au 3,600, hicho kikiwa kipimo cha umeme inaobeba. 21700 nzuri hukaa kwenye 5,000 hivi. Ukiona 18650 imeandikwa 9,900, aliyeiandika ameshakueleza tabia yake yote.

Ipime. Mizani ya jikoni inatosha: 18650 ya kweli huwa na gramu 45 hadi 50. Yangu ya kwanza, niliyouziwa mjini na muuzaji aliyeapa kwa jina la mama yake, ilikuwa gramu 31, na chaja inayopima uwezo ikaniambia haifiki hata mAh 800. Tangu siku ile mizani ya mke wangu ya keki husafiri nami mjini, na unga wake hupimwa kwa kikombe.

Kuna mafundi wanaouza 18650 zilizochomolewa kwenye betri za kompyuta kuukuu. Kuna nzuri humo. Lakini historia yake huijui, na tochi yenye nguvu huvuta ampia nyingi kwa mkupuo. Kwa redio ya jikoni, haya. Kwa kitu ninachokishika karibu na uso, hapana. Ganda la plastiki la betri likichanika, libadilishwe au betri iachwe, kwa sababu karibu mwili wote wa betri ni ncha hasi, na ikigusa chuma pasipotakiwa inapiga shoti. Kwa sababu hiyo hiyo usiitie betri tupu mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Kijisanduku cha plastiki cha kuibebea ni bei ya chai na mandazi.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya kuhusu tochi yenyewe. Betri inatoka? Kama imezibwa ndani, siku betri itakapochoka tochi nzima imekufa, hata ikiwa imechongwa kwa alumini safi. Inapokea betri yoyote ya ukubwa huo, au ya mtengenezaji wake pekee? Wapo wanaoweka ncha zote mbili upande mmoja ili urudi kwao daima. Inataka betri yenye kichwa bapa au chenye kitufe? Betri zenye saketi ya ulinzi huwa ndefu kidogo, karibu milimita 69 au 70, na tochi nyingine haziwezi kufunga juu yake.

Onyo moja la ziada: 14500, betri nyingine ya litiamu, inaingia vizuri kabisa kwenye nyumba ya betri ya kawaida ya AA, umbo ni lile lile. Ila moja ni volti 1.5, nyingine 4.2. Tochi ambayo haikuundwa kwa zote mbili utaiunguza mara moja, na utasikia harufu kabla hujaelewa.

Na zile betri za bei rahisi za kibandani, usiziache ndani ya tochi uliyoihifadhi. Zinavuja. Nilipoteza tochi ya marehemu baba yangu namna hiyo, kurunzi ya bati ya betri kubwa mbili, na ndani ya sanduku la wajukuu imelala kando ya zile 11, hiyo pekee ambayo si kosa la ununuzi.

Hatua ya 5: Ishi na swichi kwa dakika tano

Mwanga mzuri na swichi mbaya ni ndoa isiyodumu. Tochi nyingi za rahisi zina hatua tano kwenye kitufe kimoja: juu, kati, chini, kumweka kama disko, halafu ishara ya SOS. Ili uizime ukiwa kwenye ngazi unapita kote huko, na majirani wanadhani kuna harusi. Ya kwanza niliyoiweka sandukuni ilikuwa na kosa hilo tu. Mwanga wake ulikuwa mzuri ajabu.

Upande wa pili kuna zile za wajuzi, zenye mibofyo kumi na kitu inayofungua menyu ndani ya menyu. Ninazo, nazipenda, na usiku stima ikipotea sikumbuki mbofyo hata mmoja. Jiulize kama mama mkwe akiamka kwako gizani ataiwasha.

Swichi za kielektroniki hunyonya betri kidogo kidogo hata tochi ikiwa imezimwa. Zaidi ya hapo, zinaweza kujiwasha ndani ya begi na kuyeyusha ulivyoviweka karibu. Kwa nyingi, kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko hukata njia ya umeme. Ijaribu dukani, isipokatika, andika hilo daftarini.

Hatua ya 6: Rangi ya mwanga

Mweupe wa samawati wa kelvini 6,500 (kelvini hupima rangi ya mwanga) huonekana mkali zaidi, ndiyo maana ndio unaouzwa sana. Balbu za zamani za waya zilikuwa karibu na 2,700. Mimi nimetulia kwenye 4,000 hivi. Lakini jambo kubwa kuliko hilo ni kipimo kiitwacho CRI, uaminifu wa rangi, ambacho kilele chake ni 100. LED za kawaida zina 70 hivi. Za 90 kwenda juu, kama 519A ya Nichia wa Japani, hupunguza lumeni kidogo na kukurudishia dunia. Fungua boksi la swichi kwenye nyumba ya zamani Eastlands, ambamo waya mweusi wa enzi zile, wa nyutro, umelala kando ya wa kahawia wa siku hizi, wenye moto, umulike kwa mwanga mbaya. Hutazitofautisha kirahisi. Hilo ni jambo la kukuua.

Hatua ya 7: Luthuli, mkono kwa mkono

Nenda Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme katikati ya Nairobi, na vichochoro vyake asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya msongamano, na usiende na hamu. "Karibu kastoma," utaambiwa, na kabla hujajibu mwanga umeshakupiga machoni. Huo si mtihani. Jua la mchana na dirisha la kioo huficha kila kasoro. Omba kumulika chini ya kaunta, au ndani ya begi lako. Elekeza kwenye karatasi nyeupe uone kama katikati kuna njano na pembeni kuna kijani. Punguza mwanga hadi kiwango cha chini, upunge vidole mbele yake haraka: ukiona vidole vingi vilivyokatikakatika, mwanga unapepesa, na baada ya nusu saa kichwa kitakuuma.

Fungua kifuniko, hisi thredi kama zina mchanga, nusa ndani. Chomeka waya wako mwenyewe wa USB-C, ule wenye ncha ya C pande zote mbili. Kuna tochi zenye tundu la C zinazokataa kuchaji hivyo hadi uzipe waya wa zamani wenye ncha pana, na utaligundua hilo siku umesafiri. Mwishowe taja neno "kurudisha" kabla ya kutuma M-Pesa, usikilize sauti ya muuzaji inavyobadilika. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia, hata gunia likiwa boksi zuri lenye sumaku.

Hatua ya 8: Ukiagiza nje

Jumlisha kabla ya kubofya: tochi, usafirishaji, ushuru wa forodha, ada za uagizaji, kisha VAT ya asilimia 16. Betri za litiamu zikisafirishwa peke yake zimekatazwa kwenye shehena ya ndege za abiria tangu Aprili 2016, kwa hiyo wauzaji wengi hukutumia tochi tupu. Kama hujapata betri ya kweli hapa nyumbani, umenunua pambo.

Jamaa akikubebea, zile betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, ncha zimefunikwa. Kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.

Hatua ya 9: Shaba, titani na uchu mwingine

Hapa siwezi kukuokoa, maana sijaokoka. Nitasema tu kwamba shaba hupitisha joto maradufu ya alumini, na uzito wake ni zaidi ya mara tatu. Huacha harufu ya sarafu mkononi na hubadilika rangi kabla ya mwezi kuisha. Titani ni nyepesi kuliko shaba na haishiki kutu, lakini ni mbaya sana kwa kupitisha joto, kwa hiyo tochi kali ya titani hujipunguza mapema. Vile vijibomba vya gesi ya tritiamu vinavyong'aa usiku kucha hupoteza nusu ya mwanga wake kila miaka 12 na ushee. "Toleo maalumu" ni tochi ile ile iliyopakwa rangi nyingine. Weka jina lake daftarini, subiri mshahara mmoja upite. Nusu ya majina hayo nimeyafuta, mengine nimeyanunua.

Hatua ya 10: Watafutie wajukuu makao

Uza zenye thamani ukitaja kasoro zake wazi. Mnunuzi ni mgonjwa mwenzako, atazipenda kwa kasoro hizo hizo. Betri zilizokufa zifunike ncha kwa utepe, zipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, zisiingie kwenye pipa la ploti. Za kugawa bure, chagua zinazotumia AA au zinazochajiwa bila kutoa betri. Usimpe mtu asiyejua mambo haya 18650 ya kuchezea.

Mlinzi wa ploti yetu ni mzee wa makamo aliyelinda mageti ya mji huu tangu sijaoa. Nilimpa moja ya bei, viwango vitano, kioo safi, nikamwonyesha kila kitu. Baada ya wiki alibisha mlango.

"Kijana wangu, asante, lakini hii tochi ina maneno mengi. Mimi nataka ya kuwaka na kuzima."

Niliyokuwa nayo ya kuwaka na kuzima ilikuwa moja, ya AA, imechubuka kote, haijawahi kukaribia lile sanduku. Nilimpa. Sasa kila nikirudi saa nne usiku naiona getini ikinimulika usoni, mwanga wake wa njano uliotulia, na nafsi inanichoma kuliko kwa zile 11 zote.